Mabuti ya Kuruta Mlenda

Daktari wa mjini alimwambia Isaka afunge mdomo. Hakusema kwa ubaya. Alimmulika koo kwa kitochi, akaandika kitu kwenye karatasi, akasema mtu aliyepiga kelele miaka ishirini na sita hana haki ya kushangaa sauti ikimkimbia. Apumzike miezi sita. Asiimbe kwaya, asigombane na mtu, na ile kazi yake ya kusemea filamu aiache kabisa. Isaka alirudi Ilongero kwa bodaboda, vumbi la kiangazi likimjaa puani, akawaza kwamba kugombana angeweza kuacha, maana hata hivyo mkewe humshinda kila siku. Kwaya nayo ingeshukuru. Ngumu ilikuwa hiyo ya tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani, na televisheni ya zamani, ile ya chogo, juu ya meza. Ndiyo vile vibanda ambavyo vijana huviita kibanda umiza, na aliyekalia mbao zile saa mbili mfululizo hakuuliza jina limetoka wapi. Filamu inawekwa, sauti yake inapunguzwa, na Isaka anakaa pembeni na kipaza sauti mdomoni, akisema Kiswahili kwa niaba ya wote waliomo: mzungu, Mchina, mke wa mzungu, mbwa wa mzungu. Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, na hata kule hakikuwa na afya. Kwa hiyo hakuwa anatafsiri. Alikuwa anatazama nyuso za watu, anakisia wanachosema, na pale asipoweza kukisia anawapa la kusema.

Filamu iliyompa jina ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya vita vya Hitla. Nani aliitengeneza hajui mpaka leo. Ilifika bila ganda ndani ya boksi la filamu za karate, ikaja kuhamishiwa kwenye diski kanda ilipoanza kukatika. Haina bingwa. Ni kikosi cha askari wazembe waliopewa kulinda daraja ambalo hakuna adui anayelitaka. Isaka aliwabatiza upya. Sajini mnene mwenye masharubu akawa Afande Uwele. Askari mwembamba anayeteleza katika kila amri akawa Kuruta Mlenda. Punda wao, ambaye havuki daraja hata kwa kubembelezwa, akawa Mheshimiwa. Kengele ya hatari inalia gizani, Kuruta Mlenda anavaa mabuti kinyume, la kulia mguu wa kushoto, na akiamriwa ageuke kulia miguu inampeleka kwingine. Afande Uwele anapiga saluti kwa sanamu ya kufukuzia ndege, akidhani ni jenerali. Mwisho wake vita vinakwisha, hakuna anayekumbuka kuwaambia, nao wanaendelea kulinda daraja lao mpaka nywele zinawafika mabegani.

Vijana walipenda zile nyingine, za shujaa mmoja anayeua watu mia na shati lake halijachafuka. Lakini filamu ya daraja ndiyo iliyowaleta mama zao na baba zao, wakiwa bado na udongo wa shamba miguuni. Isaka aliwahi kujiuliza kwa nini. Jibu alilipata mwaka ule mbegu za mtama zilipoletwa wiki tatu baada ya mvua kukatika, na watu wakapangwa mstari, wakazipokea, wakasaini. Mzee mmoja akanong'ona, "Afande Uwele kaja." Mstari mzima uliangua kicheko, na tangu siku hiyo kila agizo lisilo na kichwa wala miguu likaitwa agizo la Uwele. Watu walikuwa wanajiona mle ndani. Hakuna kati yao aliyewahi kuua watu mia. Lakini wengi walishawahi kuambiwa wasimame mahali, wakasimama, na aliyewaambia akasahau.

Hayo yalikuwa ya enzi zile. Sasa kila mtu ana filamu mfukoni, na mpira una ukumbi wake kule stendi, wenye dishi na skrini bapa. Kibanda cha Isaka kilibaki na mabenchi manne, panya, na Mzee Alute.

Mzee Alute alipigana vita vya Kagera. Alihamia Ilongero miaka ishirini iliyopita kuja kulinda kinu cha kukamulia alizeti, akastaafu, mkewe akafariki, akabaki katika chumba kimoja nyuma ya kinu. Mtu mnyoofu, kofia safi, maneno machache. Ukimwambia "Shikamoo mzee," anakujibu "Marahaba" kwa sauti nzito ya gwaride, anatikisa kichwa, anapita. Hakai kijiweni. Hajibizani na mtu. Watu walisema ndivyo jeshi linavyomnyoosha binadamu, wakawaonyesha watoto wao: mwoneni mzee yule, hana porojo. Ni kweli kinu kiliibiwa mara mbili katika zamu yake, na mara ya pili wezi waling'oa hadi mlango wa bati, lakini hilo halikumpunguzia heshima.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri anakuja na karanga za kukaanga ndani ya kipande cha gazeti. Nusu anampa Isaka, na hicho ndicho kiingilio chake. Anakaa benchi la mbele. Na anacheka. Anacheka mpaka kofia inadondoka, machozi yanamtoka, anajifuta kwa kiganja. Isaka alikuwa na utani mmoja ambao haumo kwenye picha hata kidogo: Afande Uwele amesimama peke yake anautazama mto, hafanyi lolote, na Isaka humsemea, "Mama aliniambia nioe nikakataa. Haya, nimeoa daraja." Pale macho hayaoni cha kuchekesha. Ni maneno matupu, na maneno ni ya Isaka. Mzee Alute hucheka hapohapo kila Jumamosi, wala hajawahi kukosea.

Hicho ndicho Isaka alichokuwa amekishikilia. Alikuwa amechoka, tena ule uchovu ambao mtu halali ukaisha. Asubuhi alikohoa kabla ya kusema neno, jioni alisema kwa ishara. Binti yake Elina alimpigia simu akamwambia siku hizi kuna mashine zinazosemea filamu zenyewe, kwa sauti nzuri kabisa, akidhani anampa habari njema. Ukimwuliza Isaka miaka ishirini na sita imezaa nini, hana ng'ombe wa kukuonyesha wala nyumba ya tofali za kuchoma. Angekuonyesha mzee mmoja anayecheka kwenye daraja. Kama kicheko kile ni cha kweli, basi ile ilikuwa kazi. Kama si cha kweli, alikuwa amepiga kelele tu, kama daktari alivyosema.

"Mtu mmoja, baba Elina," alisema Agripina, mkewe, akipepeta uwele uani. "Unajimalizia koo kwa mtu mmoja."

"Anasikiliza," alisema Isaka, kwa sauti ya mlango mbovu.

"Hata mimi nakusikiliza."

"Wewe hucheki."

"Nikicheka utafunga kibanda?"

"Utacheka pale kwenye daraja?"

Agripina aliweka ungo chini akamtazama. "Pale siwezi," alikiri. "Ile nimeisikia tangu Elina ananyonya."

Wakakubaliana Jumamosi moja tu, ya mwisho, kisha afunge na apone. Isaka aliongeza jambo moja moyoni bila kumwambia mkewe. Siku hiyo, filamu ikiisha, angemwuliza Mzee Alute waziwazi: mzee, ilikuwa nzuri? Hakuwahi kumwuliza mtu swali hilo maishani. Aliona haya hata kuliwaza.

Jumamosi ilipofika upepo ulikuwa ule wa kwetu, unaovuma toka asubuhi ukigongagonga mabati. Isaka alikunywa maji ya moto na asali ya Manyoni, vikombe viwili, akafagia kibanda, akaunga nyaya. Saa tisa kamili kofia safi ikaingia mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Karanga zikagawanywa. Filamu ikaanza.

Sauti ilimvumilia mpaka kwenye kengele ya hatari. Kuruta Mlenda alikuwa anapapasa gizani akitafuta mabuti, na Isaka alivuta pumzi amsemee, pakatoka hewa tu, kama tairi lililochomwa mwiba. Akajaribu tena. Hewa. Akajaribu kumsemea Afande Uwele, ambaye ana sauti nzito na humpa nafuu kidogo. Hakuna kitu. Aliteremsha kipaza sauti, akageuka kuelekea benchi la mbele kwa aibu ya mtu aliyechanika suruali kanisani, akitafuta ishara ya kuombea radhi.

Mzee Alute alikuwa anacheka. Kofia ilishadondoka. Kuruta Mlenda anakwenda mrama na mabuti yake, na mzee anajipiga paja.

Isaka akajiambia moyoni ni sawa, mabuti yanachekesha hata kwa macho. Akasubiri. Mheshimiwa alipogoma kuvuka, mzee alicheka. Hilo nalo ni punda, punda anajieleza. Kisha Afande Uwele akaenda kusimama peke yake kuutazama mto. Mle kibandani hapakuwa na neno la mtu yeyote. Palikuwa na upepo na mabati. Isaka akamtazama mzee. Mzee Alute akatupa kichwa nyuma, akacheka palepale pa siku zote.

Isaka alitaka kuhakikisha. Alisogeza kipaza sauti mpaka kikagusana na spika, akafungua sauti mpaka mwisho, na spika ikapiga mluzi mkali uliotawanya kuku wa jirani. Mzee Alute alijitupia karanga mdomoni.

Mlangoni alisimama mwanamke ameziba masikio kwa mikono miwili. Isaka alizima spika. Alikuwa Luciana, binti wa mzee, aliyeolewa kule Unyambwa. Isaka alishamwona mara mbili tatu akija kumletea baba yake unga.

"Shikamoo kaka," alisema. "Nimekuja kumchukua mzee. Ahamie kwangu, kule nyuma ya kinu anakaa vibaya. Bodaboda anasubiri nje na magodoro."

Isaka hakuijibu salamu, na yeye si mtu wa kuacha salamu. Alinyoosha kidole kuelekea kisogo cha mzee, kisha akajigusa sikio.

"Kwani hukujua?" Luciana alishangaa. "Baba hasikii tangu Kagera, kaka. Sikio moja lilikufa palepale, la pili likalifuata sijaanza hata shule. Anasoma midomo, ukimtazama usoni na ukasema taratibu. Salamu haimpi shida. Akiona mtu mdogo kwake anainama tu, yeye anajibu marahaba. Watu wazima wenzake ndio anawakimbia, maana hao huuliza na habari za mifugo."

Miaka yote hiyo, na midomo ya Isaka ilikuwa nyuma ya kipaza sauti.

Alikasirika. Tusimsingizie upole. Alimkasirikia mzee, akalikasirikia jeshi, akaikasirikia Ilongero nzima iliyomsifu kiziwi kwa kutokuwa na porojo na kumpa kinu akilinde. Alitaka kumrudishia karanga zake, lakini za miaka ishirini angezitoa wapi? Kisha hasira ikachoka, kama kila kitu chake kilivyokuwa kimechoka, akabaki na lile swali lake ambalo sasa halikuwa na wa kuulizwa. Alisimamisha filamu, akaenda kuketi mwisho wa benchi la mbele, akamgeukia mzee uso kwa uso. Akasema kwa midomo mitupu, maana hakuwa na kingine:

"Mzee. Kumbe husikii."

Uso wa Mzee Alute ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya sukari. "NANI KASEMA?" alifoka, kwa sauti ambayo ingesimamisha gwaride. Akamwona Luciana mlangoni. Luciana akatazama dari. Mzee akaokota kofia yake sakafuni, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mlinzi kiziwi angeajiriwa na nani?" alisema.

"Sasa ulikuwa unacheka nini?" aliuliza Isaka. "Pale kwenye mto hakuna kitu. Ni maneno yangu tu."

"Benchi," alisema Mzee Alute.

Isaka aliliangalia benchi.

"Zamani mlikuwa mnajaa humu. Yule mnene akisimama pale mtoni, watu wote walikuwa wanacheka, benchi linatikisika mpaka kiunoni. Nikajua hapa pana neno. Nikawa nacheka nao. Baadaye watu wakapungua, benchi likatulia, lakini mahali nilishapajua. Nikasema niendelee. Nilikuwa nakuona unavyonitazama, kijana. Ningeacha, ungejisikia vibaya."

Isaka alikuwa na miaka hamsini na saba na hakuna mtu aliyemwita kijana tangu aote mvi.

"Ila usidhani nimekuwa nakudanganya tu," mzee aliendelea. "Kilichonileta ni mabuti. Nilikuwa na rafiki, Deo, Mgogo wa Kilimatinde, mtani wangu. Kule Kagera tuliamshwa alfajiri kwa kelele, Deo akavaa mabuti kinyume. Akakimbia hatua ishirini, akaangukia sufuria la maharage. Tulicheka. Tunaogopa kufa, na tunacheka. Namwambia Wagogo hamjui kuvaa viatu, naye ananiambia afadhali sisi, ninyi Wanyaturu viatu mmeviona jeshini. Akacheka mwenyewe. Hicho kicheko ndicho kitu cha mwisho nilichokisikia kwa masikio mawili. Mzinga ukaja. Deo hakurudi."

Alivaa kofia, akaivua tena.

"Filamu zako zile nyingine nilizitazama, watu wanakufa vizuri. Wanashikwa mkono, wanasema maneno kwanza. Deo hakusema kitu. Sasa hawa wa kwako hawafi vizuri wala hawapigani vizuri, wanatafuta mabuti. Hawa nawajua."

Nje bodaboda alipiga honi. Luciana alitoa kichwa akamwambia asubiri, akarudi ndani akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alikuwa hajawahi kuisikia habari ya sufuria la maharage.

Mzee Alute alimsogelea Isaka, akateremsha sauti yake mpaka ikawa ya kawaida kwa mtu mwingine. "Nimekuwa nataka kukuuliza jambo, miaka mingi. Nikaona haya, maana ungejua. Yule mnene, pale mtoni. Anasema nini?"

Isaka aliinuka kwa mazoea akashika kipaza sauti. Akakitazama, akakiweka mezani. Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu arudi kutoka kwa daktari, huyu ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye bila kumwonea huruma. Mzee hakujua kama sauti ya Isaka haipo. Kwake ilikuwa haijawahi kuwepo, na walikuwa wamefika hapo pamoja.

Alirudisha filamu mwanzo. Luciana, bila kuambiwa, alilishusha turubai jeusi, mwanga wa alasiri ukaingia kibandani kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, ukaonyesha vumbi lote na utando wa buibui wote, na uso wa Isaka. Isaka akapanda benchi lilelile la mbele, mguu huku na mguu huku kama aliyempanda punda, uso kwa mzee, televisheni ubavuni. Hakuhitaji kuitazama. Akaanza kusema. Alisema taratibu, akifungua midomo vizuri, kila mtu na uso wake: Afande Uwele mashavu yamejaa, Kuruta Mlenda midomo inatetemeka, Mheshimiwa kimya kwa dharau. Daktari asingekuwa na neno, maana hakuna sauti iliyotoka.

Macho ya Mzee Alute yalikwenda na kurudi, kwenye picha, kwenye midomo, kwenye picha. Alicheka mahali ambapo hajawahi kucheka. Alicheka Afande Uwele alipoomba chumvi kwa barua ya serikali. Alicheka jina la punda, akarudia "Mheshimiwa, Mheshimiwa," akatikisa kichwa. Kwenye mabuti Isaka alinyamaza kabisa, akamwachia mwenyewe, na mzee alicheka polepole, kisha akaivaa kofia yake. Bodaboda alipiga honi tena. Kati ya watatu waliokuwemo mmoja hakusikia na wawili hawakutaka kusikia.

Kisha Afande Uwele akaenda kusimama mtoni.

Isaka alisema alichokisema miaka ishirini na sita: "Mama aliniambia nioe nikakataa. Haya, nimeoa daraja."

Mzee Alute hakucheka. Alitazama picha, akatazama midomo ya Isaka. Paji lake la uso likajikunja. Isaka aliona miaka yake yote imesimama pale ikisubiri.

"Rudia," alisema mzee.

Isaka akarudia, neno moja moja.

"Ameoa daraja," alisema Mzee Alute. "Kumbe ndilo hilo?" Akamtazama yule mnene aliyesimama peke yake na mto wake, na kicheko kikamwanzia tumboni, si kile cha Jumamosi zote, kingine kabisa, cha mtu aliyeletewa barua iliyopotea njiani miaka mingi. Kofia ikadondoka. Benchi likatikisika, na Isaka, aliyekalia mwisho wake, akalisikia mpaka kiunoni.